Tairi za tyubulesi kwenye safari za kundi: miezi 8 nazo, haya ndo niliyoyaona

Wadau, niliahidi nitaandika kuhusu hizi tairi nikishazimaliza au zikishanimaliza. Bado hatujamalizana ila miezi 8 na safari tatu ndefu naona zinatosha, manake tairi ya baiskeli huwezi kuijua kwa kuzunguka mtaani jioni, unaijua siku ya nne ukiwa na mzigo wa kilo 15 kwenye keria, mgongo unauma, na wenzako wametangulia kilomita mbili mbele wala hawajui kama umesimama.

Kwa ambao hawajawahi kuziona, ni tairi isiyo na tyubu ndani, inakaa yenyewe kwenye rimu. Matundu ya spoku yanazibwa na tepu yake maalum, valvu inafungwa kwenye rimu na kinati, halafu ndani unamimina majimaji meupe, watu wanayaita silanti, sisi kwenye kundi tunaita dawa tu. Mwiba ukiingia upepo unakimbilia kutoka, unaisukuma dawa kwenye kitundu, vipande vya mpira vilivyomo vinagandamana pale na kitundu kinaziba, wewe unaendelea kukanyaga hata hujui. Sio kitu cha jana, Mavic na Hutchinson na Michelin walileta mfumo wao wa UST tangu 1999 kwa baiskeli za milimani, ila sisi wa safari za mizigo tumechelewa kuzikubali na sababu zipo, nitafika huko.

Zangu ni saizi 40 kwa 622, yaani upana milimita 40 na kipenyo cha rimu milimita 622. Jina la kampuni siandiki kwa sababu mengi nitakayolalamikia na nitakayosifia ni ya tyubulesi zote, sio ya tairi ya fulani.

Sasa kwa nini nilizitaka. Sisi tuko wanne, tunasafiri pamoja mara mbili tatu kwa mwaka, siku tano sita, kilomita 90 mpaka 110 kwa siku, lami kidogo na vumbi nyingi. Kuna safari moja tulipata pancha 11. Kumi na moja! Watu wanne, siku tano. Mtu akiwa peke yake pancha ni dakika 20, anatoa gurudumu, anabandua tairi, anapapasa ndani kutafuta mwiba kwa kidole (na kidole kinaupata kweli), anaweka tyubu nyingine, anapampu, kaondoka. Kwenye kundi hesabu inabadilika kabisa, mmoja akipata pancha wote wanne wamepata pancha. Wa mbele mpaka ageuke agundue hamuoni mtu nyuma, asimame, arudi au akae juani asubiri. Misuli inapoa. Mmoja anasema ngoja nijinyooshe kidogo, analala kabisa. Mwingine anaona bora atumie huo muda kukaza keria yake, anafungua nati, nati inadondoka majanini, sasa wote tumeinama tunatafuta nati ya milimita 5. Dakika 20 zimekuwa saa nzima na hakuna hata mmoja wa kumlaumu. Siku ya mwisho ya safari ile tuliingia usiku, taa mbili zimeisha chaji, hakuna anayeongea na mwenzie, na pancha ya kumi na moja ilikuwa yangu.

Ndo tukarudi mimi na fundi wetu tukasema inatosha. Namwita fundi ila sio fundi wa kazi, ni vile tu ana spana nyingi kuliko sisi. Wa tatu akasema atatuangalia kwanza. Wa nne, kaka mkubwa wa kundi, ana baiskeli ya chuma ya siku nyingi, akacheka tu akasema nyie wekeni maji kwenye tairi mimi naweka upepo.

Kuzivisha

Hapa sitadanganya, siku ya kwanza nilizichukia. Nilipeleka rimu kwa watu wanipigie tepu, wakaweka tepu nyembamba kuliko rimu yenyewe, kila asubuhi naamka tairi imelala chini, naongeza dawa, naongeza upepo, kesho tena imelala. Upepo ulikuwa unapita chini ya tepu unatokea kwenye matundu ya spoku. Fundi wetu akaibandua yote, akafuta rimu kwa spiriti mpaka ikang'aa, akapiga tepu iliyozidi upana wa ndani wa rimu kwa milimita 2 hivi, anaivuta kwa nguvu mpaka inalala kwenye kona zote, mizunguko miwili. Halafu akaweka tairi na tyubu ya kawaida ndani, akajaza upepo, akaacha usiku kucha ili tyubu iigandamize tepu. Baada ya hapo sijapata shida ya tepu tena. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema tyubulesi hazishiki upepo, muulize kwanza tepu yake ina upana gani.

Kitu cha pili, kupandisha tairi kwenye kingo za rimu. Kwa pampu ya kawaida ya miguu unaweza kupampu mpaka ukatoa machozi, upepo wote unatoroka pembeni kabla tairi haijashika. Inataka upepo mwingi kwa mkupuo mmoja, yaani kompresa, au zile pampu zenye tangi la kuhifadhi upepo. Ujanja ambao nilikuja kuujua nimeshachoka: toa kile kisindano cha ndani ya valvu, tundu linakuwa kubwa, upepo unaingia wa kutosha. Paka maji ya sabuni kwenye kingo za tairi. Halafu unasikia pa! kimya kidogo, pa! nyingine, mara ya kwanza niliruka nikadhani imepasuka kumbe ndo imekaa. Dawa nikaweka mililita 80 kila tairi kwa kupitia humohumo kwenye valvu, nikazungusha gurudumu, nikalilaza upande huu nusu saa, upande ule nusu saa.

Kama rimu yako ni ya zamani haikutengenezwa kwa ajili hii usilazimishe. Najua kuna watu wanafanya na inakubali. Ila tairi ikichomoka kwenye mteremko na mzigo juu hutakuwa na muda wa kujutia.

Barabarani

Hapa ndo zilinishika. Zamani na tyubu nilikuwa nakimbiza psi (kipimo cha upepo wa tairi) 55 mpaka 60 kwenye saizi hiihii, sio kwamba napenda ugumu, ni kwamba ukishusha upepo halafu ukagonga jiwe tyubu inabanwa katikati ya jiwe na rimu inatoboka matundu mawili sambamba kama meno ya nyoka. Bila tyubu hakuna tyubu ya kubanwa. Sasa hivi mbele naweka 38, nyuma 44 kwa sababu mzigo uko nyuma, na mimi na kilo zangu 80. Barabara ya vumbi yenye mawimbi ambayo zamani ilikuwa inanitetemesha mpaka vidole vinakufa ganzi sasa naipita naongea. Na mwendo haujapungua jamani, nilidhani tairi laini itanivuta nyuma, kumbe tairi ngumu kwenye njia mbovu inakurusha juu kila jiwe na nguvu yako inaishia hewani. Kwenye lami safi sawa, nasikia utofauti kidogo, ila sisi lami safi tunaiona kwa nadra.

Ila usishushe hovyo. Ukishusha sana tairi inapinda kwenye kona, ukingo unaachia sekunde moja, inacheua upepo na dawa kidogo, unabaki na nusu upepo. Ilinitokea mara moja nikiwa na psi 30, kona ya kushoto, nikajikuta kwenye majani. Na kwa wenye rimu zile zisizo na ndoano pembeni, mwisho ni bar 5, kama psi 72 hivi, na tairi lazima iwe imeandikwa inakubali rimu za aina hiyo. Soma ubavu wa tairi na soma rimu, kisha fuata namba ndogo.

Pancha ya kwanza sikuijua. Tumefika jioni, napangusa baiskeli, naona vidoti vitatu vyeupe kwenye tairi ya nyuma. Vitatu! Siku ileile kaka mkubwa alisimama mara mbili. Kwenye kimoja mwiba bado upo, fundi wetu kwa ushamba wa furaha akauchomoa, tsssss, ikabidi tuzungushe gurudumu kitundu kiwe chini dawa ikifikie, sekunde kumi kikaziba. Siku hizi nikikuta mwiba umekaa kimya naukata juu ubaki usawa wa tairi, wala siuchomoi.

Siku niliyozilaani

Siku ya nne ya safari ya pili. Tumepanga mstari, nakaa mbele napasua upepo wenzangu wamejificha nyuma, gurudumu kwa gurudumu. Kumbuka hapo: gurudumu kwa gurudumu. Nikapita juu ya jiwe lenye makali, likachana tairi ya nyuma kama milimita 8, na dawa inaweza kuziba tundu la milimita kadhaa ila sio mpasuko wa hivyo. Ikaanza kurusha kama bomba la bustani. Kila mzunguko wa gurudumu mchirizi mmoja, mgongoni kwangu na usoni kwa aliyekuwa nyuma yangu, naye ndo yule wa tatu aliyesema atatuangalia kwanza. Akaangalia kwa karibu kweli. Miwani yote nyeupe.

Tukasimama. Nina kile kisindano chenye mpini na vile vikamba vya kunata, unachomeka kamba kwenye sindano, unaisukuma kwenye mpasuko, unachomoa haraka kamba inabaki. Moja haikutosha, nikaweka ya pili pembeni yake, ikashika. Vizuri. Kosa likaja kwenye kujaza upepo: nilikuwa na kile kichupa cha gesi ya kaboni gramu 16, nikasema leo sipampu mimi, nikakifungua valvu ikiwa chini kabisa ambako dawa imejikusanya. Ile gesi inatoka na baridi kali sana. Dawa iliyobaki ikagandana, nilikuja kuiona baadaye ndani imekuwa kama makunyanzi ya mpira. Zipo dawa zinazoandikwa kwamba zinavumilia hiyo gesi, yangu haikuwa mojawapo. Kwa hiyo kamba zimeshika ila pembeni yake kunavuja polepole na hakuna dawa hai ya kumalizia. Kilomita 6 mbele tairi chini.

Basi nikasema tuweke tyubu tuondoke. Tyubu ya akiba sina. Niliiacha nyumbani, tena kwa maringo, nimeachana na tyubu mimi. Kaka mkubwa bila neno akatoa yake, saizi ileile 622, mpya kwenye boksi. Haiingii. Valvu yake ni ile nene kama ya gari, milimita 8, tundu la rimu yangu ni la valvu nyembamba ya milimita 6. Tumeishika mkononi tyubu nzima nzuri tunaiangalia tu. Fundi wetu ana valvu nyembamba ila yeye magurudumu yake ni madogo, 584. Ikabidi tuchukue hiyo ya 584 tuivute mpaka itoshe kwenye 622, mpira unavutika, na ilitufikisha, ila hicho ni kitu cha kufikia kituoni sio cha kumalizia safari.

Na kabla ya kuiweka kuna kazi ambayo hakuna muuzaji anayekuambia. Tairi ya tyubulesi inakusanya miiba kimyakimya. Ile yote iliyozibwa na dawa bado ipo ndani, ncha zinachungulia, ukiweka tyubu juu yake umeiweka kwenye kitanda cha misumari. Nilikaa na kitambaa na koleo ndogo nikatoa ncha 14. Mikono imejaa dawa, dawa imeshika vumbi, vumbi limeshika kila kitu. Jumla saa moja na nusu. Hakuna pancha ya tyubu iliyowahi kutuchelewesha hivyo.

Usiku ule ndo tukaongea kuhusu kitu ambacho tulitakiwa kukiongea kabla ya kununua chochote, kwamba kila mtu alichagua vifaa vyake kama anasafiri peke yake. Watu wanne, saizi mbili za magurudumu, aina mbili za valvu, na pampu moja ya mkono ambayo kuihamisha kutoka valvu nene kwenda nyembamba lazima ufungue kichwa ugeuze kijipira cha ndani, kijipira ambacho kilishapotea mara mbili. Tyubulesi sio nzuri wala mbaya kwenye kundi mpaka ujue za wenzako zikoje. Baada ya hapo wote tumehamia valvu nyembamba, hata kaka mkubwa, alitafuta kile kipete cha kupunguzia tundu la rimu na tyubu za valvu nyembamba, kalalamika ila kafanya. Kila mtu anabeba tyubu moja ya saizi yake haijalishi ndani ana nini, mimi nimechukua ile ya plastiki nyepesi, TPU, haifiki hata gramu 50 na inaingia kwenye mfuko wa shati. Chupa ya dawa tunabeba moja ya kundi. Kichupa cha gesi kimebaki nyumbani.

Matunzo

Dawa inakauka. Wanasema miezi 2 mpaka 6 kutegemea joto, kwangu kwenye joto miezi mitatu tayari ukitikisa gurudumu husikii chochote. Hicho ndo kipimo chenyewe, inua gurudumu, litikise karibu na sikio, ukisikia maji yanacheza sawa, kimya ongeza. Mtu anaweza kutembea wiki nzima anajiona ana tyubulesi kumbe ana tairi tupu na utando mkavu. Miezi 8 ilipotimia nimezifungua nikakuta ngozi za mpira zimejibandua na kijidonge kimoja kama gololi kinazunguka ndani, ndo maana nilikuwa nasikia kelele kwenye mteremko nikadhani ni beringi, nikashabadilisha grisi bure.

Valvu inaziba na dawa iliyoganda, unapampu upepo hauingii, unadhani pampu imekufa. Kile kisindano cha ndani kichomoe, kisafishe au weka kipya, nabeba viwili vya akiba. Usichanganye dawa ya kampuni hii na ile. Na ukiitundika baiskeli mwezi mzima bila kuipa upepo, ukingo unaweza kuachia, dawa inamwagika sakafuni, halafu unarudi kwenye habari ya kompresa.

Kuhusu uzito, wanaokwambia utasikia wepesi wa ajabu wanatia chumvi. Tyubu ya saizi yangu ni gramu 150 na kitu, dawa ni karibu gramu 80, halafu unabeba tyubu ya akiba na vikamba. Umeokoa kiduchu, na mzigo wa kilo 15 uko palepale.

Nani achukue

Mkiwa kundi na mnapita njia za miiba, chukueni, ila mkae chini kwanza muulizane saizi na valvu. Safari tatu zilizofuata baada ya mimi na fundi kubadilisha, baiskeli zetu mbili zilisimamisha kundi mara mbili tu, moja ikiwa hiyo ya aibu niliyoisimulia. Nyota 4 kati ya 5.

Ukiwa msafiri wa peke yako nakupa 3. Najua watu wengi wanasema kinyume, kwamba aliye peke yake ndo anazihitaji zaidi. Mimi naona hivi: vitundu vidogo peke yako ni kero tu, unaziba unaondoka, hakuna anayekusubiri. Ila siku tyubulesi ikigoma inagoma kwa fujo, na siku hiyo ndo unataka mtu wa pembeni mwenye tyubu, mwenye nguvu za kupampu, na wa kukushikia gurudumu wakati mikono yako inanata. Anayeendesha mara moja kwa mwezi asihangaike kabisa, dawa itakauka kabla hajapata mwiba. Na wa tairi nyembamba za lami zinazojazwa upepo mwingi, hapo siongei, sijazitumia.

Yule wa tatu, wa miwani, cha ajabu alibadilisha wiki ileile tuliyorudi. Nilimuuliza kilichomshawishi akasema aliona mpasuko ule na kamba zilishika kilomita 6, tyubu ingekufa palepale.

Kaka mkubwa bado yuko na tyubu zake. Anapenda kutukumbusha kwamba Dunlop alitengeneza tairi ya upepo mwishoni mwa miaka ya 1880 kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake, na mpaka leo kiraka na gundi vinapatikana popote palipo na baiskeli, je dawa yenu? Hana hoja mbaya hapo. Safari ya mwisho alipata pancha tatu, ile ya mwisho tukampima kwa saa kwa utani, dakika 9, kiraka mpaka kupanda. Akafunga kimkoba chake cha viraka, akanirushia mimi nikibebe, akasema kilomita zilizobaki nikae nyuma yake, hataki kuoga dawa.